Propela ya Ndege Uliyoijenga Mwenyewe: Namna ya Kuichagua Ukiwa Dodoma

Muuzaji wa propela aliyeko Ulaya au Marekani atataka kujua injini yako ni ipi, ndege inakwenda kasi gani, na pua yake iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Ni maswali mazuri. Lakini usipomwambia mwenyewe kwamba unarukia Dodoma, huenda akakutumia propela iliyopigiwa hesabu ya hewa ya usawa wa bahari. Utaifunga, utawasha injini, kipima mizunguko kitasimama palepale kitabu kinaposema, nawe utaridhika. Kisha siku moja ya Oktoba, saa nane mchana, ndege itakimbia, itaendelea kukimbia, na mibuyu ya mwisho wa kiwanja itazidi kuwa mikubwa machoni pako.

Nimeandika haya kwa ajili ya fundi ambaye ameshapata injini, fremu imeshasimama, na sasa anataka kutoa pesa ya propela mara moja tu. Hesabu zote nazifanya kwa ndege moja ya mfano ili usipotee njiani: ndege ya kiti kimoja, yenye gurudumu la mkia, injini ya Volkswagen ya cc 1835 inayotoa nguvu ya farasi 60 hivi kwenye usawa wa bahari, propela ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye krenki bila giaboksi. Namba zako zitakuwa nyingine. Njia ni ileile.

Jambo moja kabla ya yote. Ndege yoyote itakayoruka Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, hata kama umeijenga uani kwako Miyuji au Mkonze. Waone mapema, wakati bado hujanunua propela, kwa sababu mkaguzi atataka kuona karatasi za injini na propela zikiwa pamoja.

Hatua ya kwanza: ijue hewa yako

Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya ndege huhesabu kwa hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi joto 15. Mchana wetu wa nyuzi 30, kila mita ya ujazo ya hewa ina takriban asilimia 83 tu ya uzito wa ile hewa ya vitabu. Kwa maneno mengine, mwili wa ndege unajisikia uko kwenye karibu mita 1,900, ingawa magurudumu bado yamekanyaga udongo mwekundu wa Dodoma. Saa moja asubuhi, kukiwa na nyuzi 18, ndege hiyohiyo inajisikia iko kama mita 1,500. Singida ni juu zaidi, kama mita 1,500 kabla hujaongeza joto.

Hewa nyepesi inakuibia mara tatu kwa mpigo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo farasi 60 wanabaki kama 48. Propela nayo ina hewa kidogo ya kusukuma nyuma. Na mabawa yanahitaji kasi halisi kubwa zaidi kabla ya kuinua: kipima mwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakimbia karibu 88. Ukiyaweka pamoja, ndege iliyokuwa ikiondoka ardhini kwa mita 200 itahitaji karibu mita 300 kwenye lami, na kwenye mchanga au nyasi itataka zaidi.

Sasa hapa ndipo pana mtego ambao nataka uukumbuke kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Watu hudhani kwamba hewa ikiwa nyepesi propela itazunguka kwa kasi mno, kama feni iliyotolewa mzigo. Haizunguki hivyo. Mzigo wa propela unapungua hadi asilimia 83, lakini nguvu ya injini inapungua hadi asilimia 81 hivi. Vinashuka vikiwa vimeshikana mikono. Mizunguko inabadilika kwa chini ya asilimia moja, kiasi ambacho sindano haitakuonyesha. Kwa hiyo kipima mizunguko kinaweza kusema kila kitu ni sawa huku msukumo ukiwa umepungua karibu kwa moja ya tano. Usiichague propela kwa kutazama sindano peke yake. Ichague kwa kazi ya kuondoka ardhini na kupaa, kwenye mchana wako wa joto kuliko yote, halafu ukubali kasi ya safari itakayobaki.

Hatua ya pili: isome injini

Unahitaji kujua mizunguko ya juu inayoruhusiwa, na kama kuna giaboksi. Volkswagen ya kufunga moja kwa moja hufanya kazi kwenye 3,000 hadi 3,400 kwa dakika. Jabiru 2200 ni 3,300, nayo haina giaboksi. Continental O-200 ni 2,750. Rotax 912 ni tofauti: injini inafika 5,800 kwa dakika tano tu, na 5,500 kwa muda wote, lakini giaboksi hupunguza kwa 2.27 kwenye ile ya farasi 80 na kwa 2.43 kwenye ile ya farasi 100. Propela yenyewe haifiki 2,600. Ndiyo maana ndege za Rotax hubeba propela ndefu na hupaa vizuri kuliko Volkswagen hata nguvu zikikaribiana.

Giaboksi za Rotax zina masharti ya uzito unaozunguka. Kwa 912 kikomo ni 6,000, kipimo kikiwa kilo zikizidishwa kwa sentimita, kisha kwa sentimita tena. Mtengenezaji wa propela anaijua namba yake, mwombe akuandikie.

Angalia pia upande inaozunguka. Rotax, Lycoming na Continental zinazofungwa mbele huzungusha propela kwa mwelekeo wa saa ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani. Volkswagen inategemea propela imefungwa upande wa puli au upande wa flaiwili. Washa kwa starta sekunde mbili, plagi zikiwa zimetolewa, utazame kwa macho yako. Propela iliyochongwa kwa upande mwingine haigeuzwi. Ukiifunga kinyume, itakuwa inasukuma hewa kwa mgongo wa panga.

Mwisho pima matundu ya boliti: ni mangapi, ukubwa wake, na kipenyo cha duara linalopita katikati yake. Pima mara mbili kwa vernia. Kosa la milimita mbili hapa ni mzigo uliokaa baharini wiki kadhaa bure.

Hatua ya tatu: kipenyo

Kanuni ya jumla ni kwamba propela ndefu inayozunguka polepole inavuta vizuri kuliko fupi inayozunguka kasi, hasa ndege ikiwa bado inatambaa. Kwa hiyo chukua kipenyo kikubwa kadiri unavyoruhusiwa. Wanaokuzuia ni wawili: ncha za mapanga na ardhi.

Ncha ya panga ikikaribia kasi ya sauti, nguvu inageuka kelele. Kwa propela ya mbao, yenye ncha nene kiasi, nashauri usivuke mita 260 kwa sekunde. Hesabu ni rahisi: kipenyo kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60. Kwa injini yetu ya mfano kwenye 3,300, propela ya mita 1.50 inafikia 259. Hapo ndipo ukingoni.

Ardhi huwa inakataa mapema zaidi. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, hadi zilipobadilishwa mwaka 2017, zilitaka sentimita 18 kati ya ncha na ardhi kwa ndege yenye gurudumu la pua, na sentimita 23 kwa yenye gurudumu la mkia, ndege hii ya pili ikiwa imenyanyuliwa mkia kama inavyokuwa ikikimbia kuruka. Tena ncha isiguse ardhi hata tairi likiisha upepo. Kwa viwanja vyetu vya changarawe mimi naichukua 23 kuwa kipimo cha chini kabisa kwa ndege zote. Nyanyua mkia juu ya stuli, weka pimamaji, pima kutoka katikati ya krenki hadi chini. Tuseme umepata sentimita 95. Toa 23, inabaki 72, na kipenyo kinakuwa mita 1.44. Inchi 56 ni mita 1.42, basi tunachukua 56. Ncha zitakwenda mita 245 kwa sekunde, na tuna akiba.

Propela zinaandikwa kwa inchi, namba ya kwanza kipenyo, ya pili pichi. Tumepata 56. Tutafute ya pili.

Hatua ya nne: pichi, na hapa usiwe na haraka

Fikiria skrubu inayoingia kwenye mbao laini. Ikizunguka mara moja inasogea mbele kiasi fulani. Propela ingekuwa skrubu na hewa ingekuwa mbao, umbali huo ndio pichi. Hewa si mbao, kwa hiyo propela inateleza, na kwenye mwendo wa safari mtelezo wa asilimia 10 hadi 15 ni wa kawaida.

Pichi ndogo ni kama gia namba moja ya lori linalopanda mlima: injini inazunguka kwa uhuru, inatoa nguvu zake zote, lakini mwendo wa juu ni mdogo. Pichi kubwa ni gia ya juu. Kwenye tambarare ni raha. Ukiwa umesimama, injini inalemewa. Tena panga lenye pembe kubwa, ndege ikiwa imesimama, huikata hewa kama ubao ulioinamishwa mno. Hewa inajitenga na mgongo wa panga na msukumo unapotea wakati ule hasa unapouhitaji.

Tuanze na hesabu ya safari. Tuseme mwenye michoro anadai kilomita 160 kwa saa kwenye mizunguko 3,100. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 60, gawa kwa 3,100: unapata mita 0.86 kwa kila mzunguko. Ongeza mtelezo kwa kugawa kwa 0.87, unapata mita 0.99, yaani inchi 39. Hiyo ndiyo propela atakayokuuzia mtu wa pwani: 56 kwa 39.

Kwa Dodoma toa inchi mbili hadi tatu. Mimi nachukua tatu: 56 kwa 36. Je, umepoteza nini? Kwenye mizunguko ileile 3,100 utakwenda kama kilomita 148 kwa saa badala ya 160. Kutoka Dodoma hadi Singida kwa mstari wa angani ni karibu kilomita 190. Utachelewa dakika sita. Na ulichopata ni injini inayofikia nguvu zake mapema, msukumo zaidi kwenye mita mia za kwanza, na kupaa kwa haraka kabla ya kuifikia milima ya mawe inayouzunguka mji. Kwa ndege ya farasi 48 sijaona hoja inayoweza kuzishinda dakika sita hizo.

Tahadhari moja. Watengenezaji hawapimi pichi kwa namna moja. Wengine hupima uso bapa wa nyuma wa panga, wengine hutumia mstari mwingine. Pichi 36 ya huyu inaweza kufanya kazi kama 38 ya yule. Kwa hiyo usinunue namba tu. Mwandikie mtengenezaji barua kamili: injini, cc, mizunguko ya juu, uzito wa ndege, kasi ya kupaa, kasi ya safari, na sentensi hii: kiwanja kiko mita 1,119, joto la mchana nyuzi 30, nataka propela ya kupaa. Mtengenezaji mzuri atakujibu kwa maswali. Anayejibu kwa bei tu, muulize tena.

Propela ikifika, ihakiki. Simama kwenye robo tatu ya urefu wa panga kutoka katikati; kwa propela ya inchi 56 ni sentimita 53. Laza propela kwenye meza iliyosawazishwa, weka simu yenye programu ya kupima pembe juu ya ubao mdogo ulioshikizwa kwenye uso bapa. Pichi 36 inatoa nyuzi 15 na kidogo. Pima panga la pili. Yakitofautiana kwa zaidi ya nusu nyuzi, piga picha na uwasiliane na aliyekuuzia kabla hujatoboa wala kufunga chochote.

Hatua ya tano: mbao, aluminiamu, au kompositi

Kwa Volkswagen jibu langu ni fupi: mbao. Propela ya aluminiamu ni nzito, na kila mlipuko wa silinda unaipiga kama nyundo. Krenki ya Volkswagen ilitengenezwa kwa gari. Haikuumbwa kubeba uzito huo ukipinda mbele yake kila ndege inapogeuza pua. Aluminiamu nayo ina tabia ya kulia kama kengele kwenye mizunguko fulani, na chuma kinacholia hivyo mwishowe hupasuka. Ncha ikikatika, mtikisiko peke yake unaweza kuing'oa injini kwenye vishikio vyake. Mbao hunyonya mtikisiko.

Kwa Continental na Lycoming aluminiamu ni chaguo halali, mradi propela hiyo na injini hiyo vimekwisha kupimwa pamoja. Inavumilia mvua na mchanga. Lakini jiwe likiacha alama kwenye ukingo wa mbele, alama ile ni mwanzo wa ufa. Ichonge kwa tupa laini mpaka iwe bonde refu lisilo na kona, umalizie kwa msasa, kabla ya kuruka tena.

Kompositi (nyuzi za kaboni au za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu) ya kurekebishwa ardhini, yaani ile ambayo unalegeza kitovu na kugeuza mapanga kwa pembe unayotaka, ndiyo ningeinunua kwa Rotax yoyote ya Dodoma. Bei ni kubwa, lakini unaweza kuipa nyuzi moja pungufu kabla ya msimu wa joto na kuirudisha Juni. Geuza nusu nyuzi kwa mara moja, hakikisha mapanga yote yamelingana, andika.

Propela za kubadilisha pembe ukiwa angani zinapendeza sana. Kwa ndege ya kwanza ziache: uzito, bei, na mafundi wa kuzihudumia wako mbali.

Kuhusu mapanga mawili au matatu: mawili yanatosha na yana ufanisi kidogo zaidi. Chukua matatu pale tu ardhi inapokuzuia kupata kipenyo.

Sasa mninga. Kila mara seremala mzuri akisikia neno propela ya mbao ananiuliza kwa nini tusichonge wenyewe, na mninga wa Manyoni na Itigi upo. Swali lake ni la haki. Mninga ni mbao tulivu, haijikunji sana majira yakibadilika, na tuna mafundi wenye mikono ya kuweza. Ndugu Wright walichonga za kwao mwaka 1903 kwa mbao za sprusi, wakapata ufanisi wa karibu asilimia 75. Za leo nzuri zinafika 80 hadi 85. Lakini nyuzi za mninga mara nyingi zimefungamana, hazikwendi sambamba na urefu wa ubao, na propela inataka nyuzi zilizonyooka tangu kitovuni hadi nchani. Tena fanya hesabu hii: panga la kilo moja na nusu tu, uzito wake ukikaa sentimita 30 kutoka katikati, kwenye mizunguko 3,300 linavuta kitovu kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya tani tano. Kila ubao na kila mstari wa gundi unaubeba mzigo huo muda wote injini inapozunguka. Chonga moja ya mninga ujifunze, itundike ukutani, waonyeshe vijana wa VETA. Ya kurukia nunua kwa mtu ambaye amezifanyia majaribio.

Hatua ya sita: kinga kwa ajili ya vumbi na mawe

Udongo wetu ni msasa. Propela ya mbao isiyo na kinga itakuwa na ukingo uliochakaa baada ya saa chache tu. Agiza iliyokwisha kuwekewa ukingo wa plastiki ngumu, shaba au nikeli kwenye theluthi ya nje ya panga. Kuongeza baadaye huharibu uwiano wa uzito.

Hata hivyo kinga kubwa ni mkono wako kwenye mafuta. Usipeleke injini nguvu zote ndege ikiwa imesimama juu ya changarawe, kwa sababu propela hunyonya mawe kutoka chini kama chamchela. Achia breki kwanza, ongeza nguvu taratibu, acha ndege iyaache mawe nyuma. Majaribio ya kusimama yafanyie kwenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, au mwagia maji udongo jioni.

Hatua ya saba: kufunga na kujaribu

Kabla ya kugusa propela, zima magneto (kifaa kinachozipa plagi cheche), toa ufunguo, na bado ihesabu kuwa iko tayari kuwaka. Waya wa kuzimia ukikatika, magneto iko hai hata swichi ikiwa imezimwa.

Propela ya mbao hufungwa kati ya bamba la mbele na flenji ya nyuma. Boliti hazibebi nguvu ya kuzungusha peke yake. Msuguano kati ya mbao na flenji ndio unaofanya kazi kubwa, na msuguano unatokana na mkazo sahihi. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa mzunguko wa kuvuka, kidogo kidogo, mpaka namba aliyotoa mtengenezaji. Ukizidisha unaponda nyuzi za mbao. Ukipunguza, propela itacheza na kujichoma.

Kisha angalia njia ya ncha. Weka kiti au kigingi kinachokaribia kugusa ncha ya panga moja, zungusha kwa mkono polepole, uone la pili linapita wapi. Tofauti ya milimita 1.5 ni nzuri. Ikivuka 3, fungua na utafute uchafu au ukaze upya.

Kwa jaribio unahitaji kipima mizunguko unachokiamini. Vile vidogo vya kusoma mwanga ni vya bei nafuu, na kuna njia ya kuvikagua. Tafuta taa ya tyubu ya zamani, yenye choki na stata. Umeme wa TANESCO ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kipima chako kwenye mapanga mawili, kielekeze kwenye taa: kinapaswa kusoma 3,000. Kwenye mapanga matatu, 2,000. Rudia mara kadhaa, asubuhi na usiku, kwa kuwa umeme wenyewe huyumba kidogo.

Funga mkia kwa kamba kwenye mti au gari zito, weka kabari kwenye magurudumu, mtu mmoja akae ndani ameshika breki. Hakuna mtu kusimama ubavuni kwenye mstari wa mapanga, wala mtoto, wala mbuzi. Upande huo ndiko kitu kikikatika kinakoruka. Pasha injini moto, kisha peleka mafuta yote kwa sekunde chache. Kwa injini ya mfano natarajia mizunguko kati ya 2,800 na 2,950, yaani asilimia 85 hadi 90 ya ile ya juu. Ikishindwa kufika 2,800, pichi ni kubwa mno au injini ni mgonjwa. Kagua injini kwanza. Ikivuka 3,100 ikiwa imesimama, pichi ni ndogo mno na angani itapita kikomo. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha takriban mizunguko 50.

Kisha pima msukumo wenyewe, kwa sababu sindano, kama nilivyosema, haitoshi. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mazao, ifunge kati ya mkia na mti, usome kilo ndege inapovuta. Fanya saa moja asubuhi, rudia saa nane mchana. Tofauti utakayoiona kwenye karatasi ndiyo itakayokuambia ni saa ngapi za siku ndege yako ina haki ya kuruka ikiwa na tangi lililojaa.

Safari za kwanza ziwe asubuhi, kwenye uwanja mrefu. Panda kwa kasi ya kupaa mafuta yakiwa yote, andika mizunguko. Nyoosha, mafuta yote, andika tena: inapaswa kufikia karibu na kikomo bila kukivuka.

Hatua ya nane: majira

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ukame na upepo. Mbao inanywa unyevu masika na kuutoa kiangazi. Niliifunga propela yangu mwezi Machi, nikaikaza kwa kitabu, nikaridhika. Agosti nilipoweka spana, boliti ya kwanza ilizunguka karibu robo mzunguko kabla ya kufikia mkazo wake. Zote sita zilikuwa hivyo. Kitovu kilikuwa kimekauka na kusinyaa, nami nilikuwa nimeruka Julai nzima bila kujua.

Tangu hapo nakaza baada ya saa ya kwanza ya kuruka, tena baada ya saa kumi, kisha kila saa 25, na bila kuangalia saa nakaza mwishoni mwa Mei na tena mvua zinapoanza. Masika unaweza kukuta mbao imevimba na mkazo umezidi. Hapo legeza boliti zote kidogo ndipo ukaze upya hadi namba sahihi. Ndege ikilala, acha mapanga yakiwa yamelala kulia na kushoto, kamwe lisiwepo moja juu na moja chini, kwa maana unyevu hushuka kwenye panga la chini na propela inapoteza uwiano. Ivalishe soksi za turubai jepesi lenye rangi nyeupe, kwa sababu jua la mchana linachosha vanishi na gundi.

Kila unapofungua bamba la mbele, tazama mbao iliyo chini yake. Ikiwa safi na imeacha alama ya flenji tu, funga uendelee. Ukikuta unga mweusi, rangi ya kuungua, matundu ya boliti yaliyorefuka kama yai, au ufa unaoanzia tunduni, propela hiyo imekuwa ikicheza. Usiikaze tena. Iteremshe, iandike tarehe kwa wino kwenye kitovu, na uagize nyingine.